Mchoro wa Zamani Sandukuni: Nani Aliuchora, na Uufanyie Nini?

Ukipekua masanduku ya bati katika nyumba za wazee, kuanzia Mwandiga hadi Ujiji, hukosi karatasi: vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kodi ya kichwa, barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, picha za studio, kurasa zilizochanwa vitabuni. Mara mojamoja katikati ya rundo hilo hutokea mchoro. Mwenye nyumba huuliza maswali matatu kwa mpigo: hiki ni kitu gani, nani kakichora, na kinauzwa kiasi gani? Tutakwenda kwa utaratibu huohuo. Bei nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana anayeanza na bei huharibu majibu ya maswali mawili ya kwanza.

Je, uanze na nini? Anza kwa kutofanya kitu. Karatasi iliyokaa salama miaka sitini huweza kuharibiwa ndani ya wiki moja na watu wenye nia njema. Usiifute kwa kitambaa chenye maji, usiipige pasi ili inyooke, usizibe mpasuko kwa selotepu. Gundi ya selotepu hugeuka rangi ya chai na kupenya hadi upande wa pili. Zaidi ya yote, usiipeleke duka la steshenari ikapigwe laminesheni. Najua ndivyo tunavyotunza vyeti vya shule, lakini moto wa ile mashine huunganisha plastiki na karatasi, na hakuna fundi wa kawaida atakayeitenganisha tena. Glavu hazihitajiki. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke vizuri, hasa kama ulikuwa unashika mawese au dagaa, kisha inua karatasi kwa kuiwekea kadibodi safi chini yake.

Hatua ya pili nayo haina gharama. Nenda kwa mkubwa kuliko wote katika ukoo, mpe shikamoo yake, kaa chini, uulize. Karatasi hii ilikuwa ya nani? Alipewa na nani? Alikuwa anafanya kazi gani wakati huo, relini, bandarini, misheni, kwa Wabelgiji? Ilikuja hapa na sanduku hili au na jingine? Wataalamu huita habari hizi historia ya umiliki, yaani orodha ya mikono ambayo kitu kimepitia tangu kitengenezwe. Rekodi sauti kwa simu, kisha andika kwenye karatasi nyingine, pamoja na tarehe na jina la aliyekusimulia. Hata jibu la "sijui, nilikikuta kwa marehemu baba" liandike, kwa sababu nalo ni habari. Mkemia anaweza kupima wino baada ya miaka mia, lakini bibi hatakuwepo kumsubiri.

Kwa mkoa wetu wa Kigoma swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa vitu vilivyoko hapa vimetoka pande nyingi. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, mwaka mmoja baada ya wamisionari wa Kiprotestanti kutoka London. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli zimeunganisha bandari yetu na Kalemie, ambayo Wabelgiji waliiita Albertville, na Bujumbura, na Mpulungu. Karatasi iliyomo katika sanduku la Mwandiga yaweza kuwa imechorwa Kasulu, Katanga au Antwerp.

Kuna kisa cha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kinachoonyesha jinsi jina la mchoraji linavyopotea. Mwaka 1926, katika mji wa Bukama ulio kwenye mto Lualaba huko Katanga, ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro ukutani. Akamtafuta aliyezichora, akaambiwa ni Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Michoro ya ukutani huondoka na mvua, kwa hiyo Thiry alimpa karatasi na rangi za maji, zile rangi kavu zinazolowanishwa kwa brashi. Lubaki akachora wanyama, miti, watu na matukio ya kila siku, na baadhi ya karatasi akazizungushia fremu ya rangi. Baadaye, upande wa Kasai, Thiry alimpata mchoraji mwingine, Djilatendo, ambaye mbali na watu na wanyama alipenda mapambo ya mistari na miraba. Karatasi hizo zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, kisha Geneva na Paris. Wachoraji wenyewe walibaki Kongo.

Katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano yakakatika. Kazi zikabaki Ulaya katika makabati, na wenye kazi wakasahaulika. Djilatendo ana tahajia zaidi ya moja katika maandishi. Wengine humwandika Tshyela Ntendu, na asiyejua hudhani ni watu wawili. Antoinette Lubaki, mke wa Albert, naye alichora, ila kwa muda mrefu waliotajwa zaidi walikuwa mumewe na Djilatendo. Mwaka 2015 maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyofanyika Fondation Cartier mjini Paris yalitundika kazi za wote watatu kwa majina yao. Tazama basi ugumu uliopo: mume ni Albert, mke ni Antoinette. Ukikuta herufi A na neno Lubaki, hujapata jibu bado. Kuandika jina kamili nyuma ya kila karatasi, mwaka 1926, kungehitaji penseli na sekunde kumi tu.

Sasa tazama karatasi yako. Swali la kwanza la kitaalamu ni hili: ni mchoro wa mkono, au ni chapa? Chapa ni picha iliyotolewa kwa wino kutoka kwenye ubao, bati au jiwe, hivyo huweza kuwa na ndugu zake mamia. Mchoro wa mkono uko mmoja tu. Mwombe fundi saa akuazime kile kioo anachobana jichoni, au tumia kamera ya simu ukiivuta karibu. Ukiona picha nzima imeundwa kwa nukta ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu, hiyo ni chapa ya mashine, ya miaka ya 1880 kuja mbele, na pengine ni ya juzi. Ukiona mistari mingi myembamba iliyokatwa kwa usafi ule ule, giza likitokana na mistari kusongamana, huenda ni picha iliyochongwa kwenye ubao kisha ikapigwa chapa. Ukiona mstari wa bonde dogo lililodidimia kuzunguka picha, hiyo ni alama ya bati lililobanwa kwenye karatasi mbichi.

Penseli ina dalili zake. Zima taa, washa tochi ya simu na kuilaza pembeni ili mwanga upite juu ya karatasi kama jua la asubuhi linavyopita juu ya matuta ya shamba. Penseli ya kweli hung'aa kidogo, na mahali mchoraji alipokandamiza utaona mfereji. Utaona pia mistari aliyoanza nayo akaiacha, mkono uliosogezwa, paji la uso lililopandishwa. Anayenakili kazi ya mtu mwingine haangaiki hivyo, kwa sababu anajua tayari kila mstari unaishia wapi. Kwa maoni yangu dalili hii ya kubadili mawazo inazidi sahihi kumi. Halafu geuza karatasi. Ukikuta maandishi ya kitabu au ya gazeti upande wa nyuma, uwezekano mkubwa ni kwamba ni ukurasa uliokatwa.

Kurasa za namna hiyo ndizo nyingi katika eneo letu, kwa sababu Ujiji ni mji uliochorwa sana. Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1858, na kitabu cha Burton chenye picha kikatoka mwaka 1860. Henry Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji mwishoni mwa 1871, na kitabu chake cha mwaka uliofuata kikaifanya picha ya watu wawili wakivuliana kofia iwe maarufu duniani kote. Picha hiyo imenakiliwa tangu wakati huo katika magazeti, vitabu vya shule, kalenda na kadi. Ukiwa nayo, uwezekano mkubwa ni kwamba unayo nakala ya nakala.

Nani basi aliichora? Katika vitabu vya wasafiri wa wakati ule jibu huwa ni watu watatu au wanne. Msafiri alichora haraka kwenye daftari. Mchoraji wa London, ambaye huenda hakuwahi kuiona Afrika, aliuchora upya ule mchoro ukapendeza. Mchongaji akauhamishia ubaoni. Mpiga chapa akautoa kwa wino. Kitabu cha Speke cha 1863 ni mfano mzuri: michoro ya mwenzake wa safari, James Grant, ilipitia mikononi mwa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyeishi London, ndipo ikafika kwa msomaji. Ndiyo maana milima katika picha hizo wakati mwingine inafanana na ya Ulaya. Chini ya picha, kwenye kona, tafuta herufi ndogo. Jina linalofuatwa na "del." ni la aliyechora, linalofuatwa na "sc." au "sculp." ni la aliyechonga. Ni vifupisho vya Kilatini. Watu wengi huona jina la mchongaji wakadhani ndiye mwenye picha.

Karatasi yenyewe nayo ina la kusema. Iinue mbele ya dirisha usawa wa jua, lakini usiiache hapo. Karatasi nyingi za zamani zina alama iliyofichwa ndani, inayoonekana kwa mwanga wa nyuma tu: jina la kiwanda, taji, nanga, pengine mwaka. Katika maandiko ya Kiislamu ya Afrika hukutwa karatasi za Italia zenye hilali tatu zilizopangwa kwa mstari, zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko ya nchi za Waislamu. Ukiikuta alama hiyo kwenye barua au kitabu cha dua cha Ujiji, una kitu cha kumwonyesha mtaalamu. Karatasi za matambara, yaani zilizotengenezwa kwa nguo kuukuu, hubaki laini na imara hata baada ya karne. Zile za massa ya mti, zilizoenea tangu nusu ya pili ya karne ya 19, huwa na asidi, hugeuka manjano na kukatika zikikunjwa.

Tahadhari moja hapa. Umri wa karatasi unakwambia tu kwamba mchoro hauwezi kuwa wa kabla yake. Haukwambii kwamba ulichorwa mwaka huohuo. Walaghai wa Ulaya wamekuwa wakikata kurasa tupu za vitabu vya zamani ili wachore juu yake, na hakuna kinachomzuia mlaghai wa hapa kufanya vivyo hivyo.

Sahihi nimeiacha hadi sasa kwa sababu hiyohiyo: ni kitu rahisi kuliko vyote kuongeza. Tazama kwa kioo kama wino wake ni ule ule wa mchoro, na kama umepita juu ya uchafu na mikunjo au uko chini yake. Wino uliotiririka ndani ya ufa wa karatasi ulitiwa baada ya ufa. Ukiona muhuri mdogo kwenye kona, herufi mbili ndani ya duara kwa mfano, huenda ni alama ya aliyewahi kuimiliki karatasi hiyo, si ya mchoraji. Mholanzi Frits Lugt alichapisha kitabu cha alama hizo mwaka 1921, na sasa orodha yake husomwa bure kwenye intaneti.

Watu wa makumbusho nao hawasemi "hii ni ya fulani" kirahisi. Wana ngazi za maneno. "Ya fulani" maana yake wameridhika kabisa. "Inadhaniwa ya fulani" maana yake wana sababu nzuri, lakini bado wana shaka. "Karakana ya fulani" ni kazi ya wanafunzi wake waliofanya kazi chini ya jicho lake. "Kwa mtindo wa fulani" ni mtu mwingine, pengine wa wakati mwingine kabisa. "Baada ya fulani" ni nakala. Michoro mingi iliyokuwa ikiitwa ya Rembrandt imeshushwa ngazi na kupewa wanafunzi wake, na makumbusho makubwa hayaoni aibu kubadilisha kibao. Nawe usione aibu kuandika "mchoraji hajulikani, ilikuwa mali ya babu, ilitoka Kalemie". Sentensi hiyo ni ya kweli, na ukweli wake unaweza kuongezwa kadiri habari zinavyopatikana.

Kulinganisha kunahitaji bando tu. Piga picha mchoro wako ukiwa umelala juu ya meza, mchana, kivulini karibu na mlango, bila mwako wa flashi, mbele na nyuma, na rula kando yake. Kisha tumia huduma ya kutafuta kwa picha kwenye simu. Vitabu vya Burton, Stanley na Speke vimewekwa vyote kwenye maktaba za bure za intaneti pamoja na picha zake, kwa hiyo ukurasa uliokatwa utautambua ndani ya saa moja. Pima mchoro kwa milimita, urefu kwanza kisha upana. Picha ileile ikiwa na vipimo tofauti ni toleo tofauti.

Utunzaji hauhitaji maabara. Weka karatasi ikiwa imelala bapa ndani ya karatasi nyeupe safi iliyokunjwa mara mbili, kisha kwenye bahasha kubwa, kisha kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali ili mchwa wasipande. Bahasha na karatasi zitakugharimu shilingi mia chache kwenye duka la steshenari. Usiitundike ukutani mkabala na dirisha, usiiweke chumba kimoja na madebe ya mawese au magunia ya dagaa, na msimu wa mvua ufungue sanduku mara kwa mara hewa ipite. Gazeti lisitumike kufungia, kwa kuwa asidi yake huhamia kwenye mchoro.

Mistari ikififia, je? Usiipitie kwa kalamu. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe katika nchi ya Manyema, Livingstone aliishiwa karatasi, akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la London la 1869, akikatiza mistari ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kwa mimea. Wino ukafifia kiasi kwamba sehemu kubwa haikusomeka tena. Kati ya 2010 na 2011 wataalamu walizipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi nyingi, mingine isiyoonekana kwa macho, na maneno yakarudi. Kama mtu angekuwa ameshaipitia kwa kalamu ya wino kwa nia ya kusaidia, kazi hiyo ingeharibika.

Ukitaka mtu mwenye ujuzi aione, anza karibu. Panda daladala hadi Mwanga, uunganishe ya Ujiji, uende kwenye Makumbusho ya Livingstone, mahali penye miembe iliyotokana na ule wa zamani ambao inasimuliwa Stanley na Livingstone walikutana chini yake. Usitegemee vipimo vya kitaalamu hapo. Nenda na picha kwenye simu, uache karatasi nyumbani, uombe maelekezo ya nani wa kumwandikia katika Idara ya Mambo ya Kale. Michoro ya ramani, viwanja au majengo yenye mihuri ya serikali, hasa ya Wajerumani na Waingereza, ni suala la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo hazina yake ya majalada ya Kijerumani iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kwa sanaa yenyewe, waandikie Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, au Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye mkusanyo wa Afrika Mashariki. Tuma picha kwanza. Nauli ya kutoka Kigoma hadi Dar si ya kutumia kwa kubahatisha.

Kama umevutiwa na ungependa kukusanya, wala huna sanduku la babu, anza na walio hai. Mchoro wa penseli wa kijana anayechora mabango Mwanga utaupata kwa pesa ambayo mtu humaliza kwenye soda na chipsi, na swali la nani kachora utalimaliza siku hiyohiyo: mwombe aandike nyuma, kwa penseli, jina lake kamili, mahali na mwaka. Tafuta pia chapa za wasanii waliopitia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kama Robino Ntila. Kwenye chapa za wasanii utaona namba kama 4/20 chini ya picha. Maana yake ni nakala ya nne kati ya ishirini. Kumbuka tu kwamba umenunua karatasi, hukununua haki ya kuichapa kwenye fulana. Kwa sheria yetu haki hiyo ni ya msanii maisha yake yote, na ya warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake.

Sasa bei. Mchoro usio na historia ya umiliki hauna bei inayoeleweka. Una bahati tu. Atakayekuja mlangoni kwako akisema "nakupa elfu hamsini sasa hivi" mwambie arudi baada ya mwezi, na ndani ya mwezi huo tuma picha sehemu mbili tofauti. Usitoe pesa ya "uthibitisho" kwa mtu anayetaka pia kununua, kwa kuwa hawezi kuwa mpimaji na mnunuzi kwa wakati mmoja.

Na kabla karatasi haijavuka mpaka, jua sheria. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu chochote kinachohamishika kilichochorwa, kuandikwa au kutengenezwa na binadamu Tanganyika kabla ya mwaka 1863 ni cha kale kisheria, na hakitoki nchini bila kibali. Kitabu cha dua cha Ujiji chaweza kuangukia humo. Nyaraka za serikali zinalindwa na sheria yake, Namba 3 ya 2002, hata kama zilikutwa chini ya kitanda chako. Ukiamua kukabidhi au kukopesha mchoro wako kwa makumbusho au chuo, usiondoke bila hati yenye muhuri inayotaja vipimo vya karatasi, jina lako, kama ni zawadi au ni mkopo, na namba ambayo mchoro umepewa kwenye daftari lao. Hati hiyo ifungie pamoja na maelezo ya bibi.